Dumu Halirudi Tupu

Kwanza niseme wazi, mimi kufundishwa sikatai. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alihama na sisi tukahamia shambani, basi tangu hapo nimefundishwa na kila mtu. Nimefundishwa na jua, na nguruwe pori, na mke wangu Marselina ambaye mpaka leo hajanipa cheti. Lakini kufundishwa na mjukuu, ndani ya uwanja wangu, asubuhi hata uji sijanywa, hilo ndilo lililonichosha.

"Babu, usiguse hapo!"

"Babu, usikae huko, moshi unakuja huko!"

"Babu, hiyo siyo ndoo ya kunawia, jamani!"

Sasa nikae wapi? Uwanja wangu mwenyewe, hapa hapa Malolo, mikorosho nimeipanda kwa mkono huu, ile mikubwa ya bondeni niliipanda mwaka aliozaliwa mwanangu Fidel, halafu natembea humo kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Huyo mjukuu ni Felomena. Mtoto wa binti yetu mkubwa, marehemu, tumemlea sisi tangu hajaota meno. Alisoma Ruangwa, akasoma tena, akaenda mpaka chuo kikuu Dar, akasomea kemia. Akamaliza. Kazi hakuna. Mwaka wa kwanza kazi hakuna, mwaka wa pili kazi hakuna, wa tatu akarudi nyumbani na begi moja la nguo na dumu jeupe, mfuniko wake ameuzungushia plastiki mara nne.

"Umetuletea nini, mke wangu?" nikamuuliza. Mjukuu wa kike ni mke wangu, ndiyo utani wetu.

"Fomalini, babu."

Fomalini naijua. Kaka yangu alipofia hospitali tukangoja watoto wake siku tatu watoke mbali, ni hiyo hiyo waliyomtilia. Dawa ya maiti! Wenzetu wajukuu wao wakitoka mjini wanakuja na mkate, na sukari, na khanga ya bibi. Wa kwangu kaja na dawa ya maiti, akaiweka nyuma ya ghala, akasema tusiisogelee. Nani wa kuisogelea?

Marselina alikuwa anapepeta choroko. Hakuinua hata uso. "Mke mwenzangu kaja na dawa. Sanda inakuja na basi la kesho?"

Felomena akacheka. Mimi sikucheka, maana katika nyumba hii aliye karibu na sanda ni mimi.

Haya. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Korosho ukiibangua, lile ganda lina mafuta meusi, mabaya sana, yanababua. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Waangalie kina mama wa kikundi cha Zulekha, jirani yangu, wanabangua korosho barazani kwake wakiwa wamejipaka majivu, na bado ngozi ya vidole inatoka kama ya nyoka. Maganda yenyewe wanatupa, yamejaa kilima kizima nyuma ya nyumba yake, mbuzi hawali, kuku hawachakuri. Felomena akaenda akasimama mbele ya kile kilima kama mtu aliyeona ng'ombe wake waliopotea.

"Babu, hii ni mali."

"Hayo ni maganda."

"Mafuta yake, babu. Ukiyapika sawasawa, ukayatia dawa, yanaganda, na yakishaganda hayarudi tena kuwa mafuta. Yanakuwa gundi. Nikiichanganya hiyo gundi na maranda ya mbao, nikaikandamiza kwenye moto, napata ubao."

"Sisi ubao tunapata kwa msumeno."

Akanivumilia. Akachuchumaa, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Akasema yale mafuta ni vijitu vidogo vidogo mno, jicho halivioni, kila kimoja kinakaa kivyake. Ile dawa na moto vinavishikanisha mikono. Hiki kinamshika mwenzake, mwenzake anamshika mwingine, mpaka wanakuwa mnyororo mmoja mrefu. Wataalamu wanaita polima.

"Kama watu kwenye ngoma," nikasema.

"Kama ngoma, babu. Ila ngoma ambayo haivunjiki."

Basi nilimwona ana akili. Sikumwambia. Mjukuu ukimwambia ana akili, kesho anakuhamisha chumba.

Kule Nachingwea yupo fundi seremala mmoja anaitwa Idd, ana karakana kubwa jirani na soko, amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Mbao za mninga bei haishikiki, na zile mbao laini za kubandikwa zinazoletwa na malori, mvua ikizigusa zinavimba kama andazi. Felomena alikwenda kumweleza habari ya maganda. Idd akamcheka kwanza, huyo ndivyo alivyo, halafu akampa sharti. Alete ubao mmoja, mrefu mita moja. Ijumaa asubuhi autumbukize kwenye pipa la maji, ukae humo mpaka alasiri, utolewe, uwekwe juu ya stuli mbili, watu waukalie. Ukistahimili, atampa Felomena pembe ya karakana yake afanyie kazi, na mbao zake atazinunua, na maganda yatatoka kwa kina Zulekha. Usipostahimili, kwaheri, na asirudi tena kumpotezea muda.

Na huku Fidel, mwanangu, alishampatia nafasi kwenye duka la vigae huko Dar. Asimame mlangoni aseme karibu mteja. Kemia yote ile! Wakampa mpaka Jumamosi. Kwa hiyo ikawa hivyo: ubao ukishika, Felomena anabaki. Ukivunjika, Jumamosi asubuhi anapanda basi.

Fidel alinipigia simu. "Baba, si unalalamika kila siku kwamba anakusumbua? Mwache aje."

"Mchukue," nikamwambia. "Mchukue hata leo."

Nikakata simu, na siku hiyo sahani ya ugali niliirudisha kama ilivyokuja. Marselina akaniangalia tu. Huyu mwanamke akinyamaza ndiyo anasema.

Felomena alipika mafuta yake siku tatu. Siku tatu! Alipika kidogo kidogo kwenye kijisufuria chakavu, yanatoa povu, yanatoa moshi, macho yanatuwasha wote mpaka mbuzi. Alimwomba bibi yake lile sufuria kubwa la pilau, lile tulilotunzwa siku ya harusi yetu, ili amalize mara moja. Marselina akasema, "Sufuria lile litatoka ndani siku ya arobaini yangu." Basi akaendelea na kijisufuria, na mwisho wa siku ya tatu akapata dumu moja la njano, lita kumi. Akaliweka nyuma ya ghala. Jumapili asubuhi akaenda Nachingwea kwa Idd kuazima vyuma viwili bapa vya kukandamizia, akalala huko kwa rafiki yake, mwalimu wa shule, siku mbili.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa utulivu, maana watu wananihukumu haraka.

Sisi huku kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Zulekha akituletea ming'oko ya kuchemsha kwenye bakuli, bakuli halirudi hivi hivi. Litarudi na mbaazi, au mayai mawili, au hata chumvi, lakini kitu kitakuwemo. Ndivyo mama yangu alivyonilea. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu usitutembelee tena.

Jumapili hiyo hiyo, nimetoka kanisani, naenda kufungulia mbuzi, naona mchwa wamepanda nguzo za banda. Nguzo mpya, nimezichimbia mwaka juzi! Wametengeneza na barabara yao ya udongo kabisa, wanapanda na kushuka kana kwamba wana miadi. Mwenye shamba la korosho hahitaji duka la dawa. Mafuta ya maganda ukiyapaka kwenye nguzo, mchwa anageuza. Baba yangu alipaka, babu yangu alipaka. Na mafuta hayo yapo, dumu zima, nyuma ya ghala langu.

Nikachukua nusu. Nikapaka nguzo zote, na mlango, na nilipobakiwa na kidogo nikapaka na ile stuli ya Marselina. Kazi safi.

Halafu nikaliangalia dumu. Nusu! Mtoto anarudi Jumanne, akute dumu la mtu limefika nusu? Nikasema hapana, Ignasi, usije ukaitwa mdokozi uzeeni. Nikachukua gunia, nikaenda kwenye kilima cha Zulekha, nikajaza maganda. Nikachukua kinu kile kilichopasuka, nikayatwanga, nikayatandaza kwenye bati lililoinama kidogo kuelekea bondeni, jua likapiga. Jua la huku mnalijua. Mafuta yakatiririka taratibu mpaka kwenye kopo. Mama yangu ndivyo alivyokuwa akiyatoa, bila moto, bila moshi, bila kumwambia mtu asikae huku wala kule.

Marselina akapita. "Unatwanga nini?"

"Natwanga mambo yangu."

"Mambo yako yananuka."

Siku mbili nilitwanga. Mikono nilivaa mifuko ya plastiki, ikatoboka. Lakini dumu lilijaa mpaka pale pale lilipokuwa, na nilipoyaona mafuta yangu, meusi, mazuri, hayajaungua, nikasema moyoni, haya yangu yamezidi hata ya kwake. Nikafunga mfuniko. Nililala usingizi wa mtu mwema.

Jumatano asubuhi Felomena akaanza. Amevaa glavu, amevaa miwani ya plastiki, anafanana na panzi. Akapima mafuta, akatia dawa ya maiti, akachanganya na maranda mpaka yakawa kama udongo wa kukandikia nyumba. Akayapanga kati ya vile vyuma viwili, mkaa chini, mkaa juu, akaukandamiza mtambo wote kwa jeki ya lori ya shemeji yake Zulekha. Kina mama wa kikundi walikuja kuangalia, wamekaa kwenye mkeka kama wako harusini.

Ilipofika saa nne tukasikia *fss*. Halafu *fsss*. Chuma cha juu kikainuka upande mmoja. Felomena akafungua jeki, akafunua.

Ubao ulikuwa umevimba. Umeumuka, umejaa matundu, katikati umepasuka, pembeni umebomoka. Zulekha akausogelea, akauchungulia, akasema taratibu, "Felo, mwanangu, huu umetia hamira?"

Wenzake wakaangua kicheko. Felomena hakucheka. Akasema labda moto ulizidi. Akafanya mwingine, mdogo, moto mdogo. *Fss.* Ukavimba vilevile. Akasema labda dawa imeharibika njiani. Akafungua dumu jeupe akanusa, machozi yakamtoka, akasema dawa ni nzima. Akasema labda maranda yana maji. Akayaanika. Akalaumu jeki, akalaumu mkaa, akalaumu vyuma vya Idd, akamlaumu mwalimu wake wa chuo kwa jina. Kitu kimoja tu hakukilaumu, nacho kilikuwa kimesimama hapo pembeni na kofia yake.

Maana mimi nilishaanza kuwaza. Nilijiambia, Ignasi, mafuta ni mafuta. Yametoka kwenye maganda yale yale, ya kilima kile kile. Lakini mikono yangu nikaificha nyuma.

Mchana kina mama wakatawanyika. Felomena akakaa chini, akaitoa simu, akampigia mjomba wake. Nilisikia maneno yote.

"Mjomba, nitakuja. Eh. Jumamosi. Hapana, haijashika. Nimekosea mahali na sijui ni wapi, ndiyo kinachoniumiza. Ningejua ni wapi ningetulia."

Basi. Hayo maneno yakanikaa.

Jua lilikuwa bado halijazama, tukakaa kula. Ugali, kisamvu, na dagaa wachache. Mimi nikaomba kijiko.

Marselina akasimamisha tonge njiani. "Tangu lini unakula ugali kwa kijiko?"

"Nimeamua tu."

"Umeamua? Miaka hamsini unakula kwa mkono, leo umeamua?"

"Mwanamke, ugali ni wangu na mdomo ni wangu!"

"Na mkono ni wa nani? Hebu tuuone."

Nikauficha chini ya shuka nililojitanda. Felomena akainua macho. Akaweka tonge lake chini, akanawa, akaja akauchukua ule mkono kama anachukua yai. Vidole vilikuwa vimevimba, vyeusi, ngozi inabanduka.

"Babu. Mafuta niliyopika hayababui mtu namna hii. Hii ni kazi ya mafuta mabichi."

Akaugeuza mkono upande wa pili.

"Babu, umebangua korosho?"

"Sijabangua."

"Umefanya nini?"

Nikasema yote. Mchwa, nguzo, nusu dumu, kinu, bati, jua. Hata stuli nikaitaja. Marselina akasimama kuangalia sketi yake nyuma.

Felomena akainuka. Akatoka, akaenda mpaka kwenye banda la mbuzi, akasimama anaziangalia nguzo. Akaipapasa moja. Nilimfuata nyuma. Nilitaka anipigie kelele, mtu akikupigia kelele unajua pa kusimama.

"Siku tatu nilipika," akasema. "Mbuzi wako sasa ndio wenye digrii."

"Nilirudisha."

"Nini?"

"Nilirudisha! Nilijaza mpaka juu. Kitu kikisharudishwa, cha kusema kipi? Tena yangu ni safi kuliko..."

"Babu!" Hapo ndipo alipopiga kelele. Mbuzi wakaruka. "Babu, babu, babu! Bora ungeliacha nusu! Nusu ingenitosha! Ungekuwa mwizi tu ningepata ubao! Hivi kwa nini wewe huwezi hata kuiba kama watu wengine?"

Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akalia, na mimi nikasimama pale na kofia mkononi sijui nimpe nini. Mwisho akajifuta, akanieleza. Akasema vile vijitu vya mafuta mabichi kila kimoja kina mzigo kichwani. Ukivipika, kila kimoja kinatua mzigo wake, mzigo unapaa kama hewa, ndiyo lile povu la siku tatu. Sasa ukivibana kwenye chuma cha moto kabla havijatua, vinaitua mizigo humo humo ndani ya ubao. Ndiyo maana ulivimba.

"Kwa hiyo mimi nimeleta watu kwenye ngoma na mizigo yao kichwani," nikasema.

"Eh."

"Si tuwatue?"

Akaniangalia.

"Dumu si bado lipo? Waliotua na wasiotua wote wamo humo. Kesho ni Alhamisi. Tuyapike tena yote, wote watue."

"Lita saba, babu, kwa kijisufuria kile? Povu lake likipanda linamwagika. Sitamaliza kabla ya Ijumaa."

Nyuma yetu tukasikia kishindo. Marselina alikuwa ameliweka chini lile sufuria la pilau. Limefunikwa vumbi, lina mishikio miwili, linaingia mbuzi mzima.

"Bibi, likiingia mafuta haya halipiki tena chakula," Felomena akasema.

"Najua."

"Bibi, ulisema arobaini yako..."

"Wataazima kwa Zulekha. Mimi nitakuwa nimekufa, nitaona wapi?" Akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye utakayekoroga. Mkono mmoja ukikushinda, unao wa pili."

Alhamisi alfajiri nikakoroga. Nimevalishwa glavu, nimevalishwa ile miwani ya panzi, mkononi mwiko mrefu wa mti wa mkorosho, na nimepangiwa mahali pa kusimama kufuatana na upepo. Upepo ukigeuka, nageuzwa. Zulekha na wenzake wakaja kunicheka kwa zamu. Povu lilipanda, likapanda, likafika kwenye mishikio, nikadhani linatoka, likashuka. Macho yanatoka machozi, kiuno kinalia, na huyu mtoto anakuja kila mara na kipimajoto chake, "Babu, usisimame." Nani amesimama? "Babu, punguza kuni." Si uliniambia niongeze! "Babu, huko chini unafika?" Huko chini nafika tangu wewe hujazaliwa.

Ilipofika saa sita akatazama jua, akatazama simu yake. "Basi, babu. Limetulia. Tutoe, muda hautoshi."

Nikachungulia. Juu palikuwa pametulia kweli, panang'aa kama kioo. Lakini mimi nimechemsha chumvi ya mbugani na mama yangu, nimepika asali, na uraka, pombe yetu ya mabibo, nimeusubiri utulie miaka mingi kuliko ninavyotaka padri ajue. Kitu kinachochemka kina uongo wake. Pembeni kabisa, pale sufuria linapokutana na mafuta, kulikuwa na uzi wa mapovu madogo, kama shanga.

"Bado."

"Babu, limetulia!"

"Wapo wasiotua mizigo. Wale pale, wamejificha ukutani."

Akainama. Akavua miwani, akaivaa tena. "Nusu saa," akasema.

"Mpaka watue," nikasema. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu arudi, hakunifundisha.

Alasiri tukakandamiza. Kina mama wote wametega masikio, wanangoja *fss*. Haikuja. Alipofunua, ubao ulikuwa mweusi wenye wekundu, umenyooka, mzito, unanuka moshi. Zulekha akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia *ko, ko*, kama mlango wa mtu mwenye uwezo.

Ijumaa tukapanda kirikuu mpaka Nachingwea, ubao tumeufunga kwa shuka langu. Idd ni mtu mnene, penseli sikioni, mdomo hauna breki.

"Mzee, karibu! Huu mmepiga randa au mmeoka?"

"Wewe utumbukize tu."

Ukatumbukizwa. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri mimi nilikaa nalitazama pipa. Idd akaenda kuswali Ijumaa, akarudi, akala, akalala kidogo kwenye maranda, akaamka, akapiga misumari. Felomena hakula kitu. Simu yake ilikuwa inaita, Fidel, anataka kujua akate tiketi au asikate. Haipokei.

Alasiri ukatolewa. Idd akaufuta kwa fulana, akaupima kwa futi pembeni na katikati. Akafinya mdomo. Pembeni umevimba kidogo, akasema, unene wa ukucha. Akauweka juu ya stuli mbili.

"Dawati linakaliwa na watatu. Haya, karibuni, tukae."

Tukakaa. Idd katikati, na uzito wake ule, mimi kushoto, Felomena kulia. Ubao ukalia *krr*. Felomena akanishika mkono, ule ule mbovu, nikavumilia.

Hapo simu ya Idd ikaita.

Akapokea! Wallahi alipokea, amekaa pale pale. Mteja wa kitanda. "Eh, dada yangu, kitanda chako tayari, bado rangi tu... Hapana, hapana, mbona nilikwambia Jumatatu... Jumatatu ipi? Si hii iliyopita, ile nyingine..." Anazungumza kwa mikono, akirusha mkono ubao unatikisika, akicheka ubao unatikisika, anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia. Dada wa kitanda naye hakuwa mtu wa kudanganywa, alimshika hasa. Nilihesabu matundu yote ya bati la karakana, nikayahesabu upya. Nilimwomba Mungu amkatie dada huyo salio. Hakusikia.

Alipomaliza, akaweka simu mfukoni, akapiga miayo, akatutazama. "Mbona mmekaa hivyo, mnangoja nini?"

Nikapandwa. "Tunangoja jibu! Wewe bwana, tangu asubuhi tunangoja jibu!"

"Jibu?" Idd akashangaa kweli. "Mzee, jibu si mmelikalia?"

Akainuka. Ubao ukabaki pale pale, umenyooka. Akamwonyesha Felomena pembe ya karakana, ile ya nyuma penye mlango, akamwambia aondoe makorokoro yaliyomo, na ubao wa pili aupake kingo gundi zaidi ili maji yasipate pa kuingilia. Halafu akarudi kwenye misumari yake kama hakuna kilichotokea.

Simu ya Felomena ikaita tena. Nikamnyang'anya.

"Fidel," nikasema, "tafuta mtu mwingine wa vigae."

"Baba, si ulisema nimchukue?"

"Nilisema. Na wewe ulinisikiliza? Siku zote hunisikilizi, iweje siku hiyo?" Nikakata.

Sasa Felomena anakaa Nachingwea siku nne za wiki, tatu yuko hapa anapika. Yaani napika mimi. Kila dumu lililokwishapikwa amelifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio, ili babu asikosee. Wageni wakiona vile vitambaa nyuma ya ghala wanadhani nimekuwa mganga, juzi amekuja mtu na kuku mweupe, nimemfukuza. Sufuria la harusi ni leusi ti, halisuguliki, na Marselina kila akipita analikoholea. Nimemnunulia jingine, mwezi uliopita, Nachingwea, kubwa kama lile. Sikulileta tupu, nililijaza sukari.

Akafunua, akaangalia, akafunika.

"Kakoroge," akaniambia. "Povu linapanda."